Sahihi

Barua ilikuja Jumanne, bahasha ya kijivu,
ikimwuliza baba kwa adabu zote
mifupa ya mama yake angependa ihamishiwe wapi.
Visanduku vitatu vya kutia alama.
Gharama juu ya kampuni. Jeneza jipya, la msonobari.
Chini kabisa, mstari mtupu: sahihi.

Ieleweke, baba si mgeni wa mambo haya.
Miaka thelathini na moja aliendesha lile dude la mgodini,
refu kuliko mnara wa kanisa letu,
gurudumu lake la ndoo likiitafuna Lusatia
usiku na mchana, Krismasi na Pasaka.
Alikula vijiji vinne. Anavijua kwa majina
na kwa udongo: huu wa mfinyanzi, ule wa kichanga,
pale palikuwa na matufaha, ndoo zilipanda na mizizi.
Mkate wetu ulitoka humo. Viatu vyangu vya shule.
Hata balbu niliyosomea irabu zangu za kwanza.

Na mama, miaka yote hiyo, alikusanya majina.
Nyumba kwa nyumba, daftari ndani ya mfuko wa nailoni,
Kisorbi kwa wazee, Kijerumani kwa waliohamia.
Jioni walikunywa supu meza moja, yeye na mumewe,
vumbi la makaa ya kahawia katikati yao kama chumvi.
Sikuwahi kuwasikia wakigombana.
Niliwasikia wakinyamaza.

"Chini yenu kuna makaa," mhandisi alisema mkutanoni,
akitandaza ramani ambayo sisi hatumo.
"Na juu yake sisi tunataka kukaa," akajibu Wórša wa duka la mikate.
Ukumbi ukacheka. Mhandisi naye akacheka, kistaarabu,
kisha akaikunja ramani.

Ndipo dada yangu Lubina, fundi umeme,
akaanza hesabu zake: paa la zimamoto,
paneli arobaini na nane, hisa moja euro mia mbili.
Mzee Handrij alipinga. Alisema zitawatisha korongo.
Korongo walirudi Aprili, wakazitazama,
wakajenga kiota pale pale pa mwaka jana.
Handrij alinunua hisa mbili na hakutaka ijulikane.

Novemba, kikao cha nne, baba akaingia.
Kofia ya kazi kichwani, barua mkononi.
Viti viliacha kulia.
Alikuwapo Bibi Krawcowa, ambaye jiko alilozaliwa nyuma yake
baba alilizoa kwa ndoo moja.
Hakuomba radhi. Alisema:
"Kuna kaburi walilisahau, kijiji cha tatu.
Nililisikia likipita kwenye ndoo.
Halilii kama jiwe."
Akanyamaza muda mrefu kiasi kwamba mtu alikohoa.

Kisha akaigeuza barua, upande mweupe,
akachora tabaka la makaa kama mtu anavyochora mto wa kwao:
hapa nene, hapa nene, na hapa, chini ya makaburi,
jembamba kama ukanda wa suruali.
"Wanajua," alisema. "Makaa haya hayatalipa
hata umeme linaokula lile dude kuyafikia."
Akaomba kalamu.
Tulidhani anataka daftari la mama.
Alitaka fomu ya hisa. Mkono ulimtetemeka kwenye herufi ya B,
Bjarnat likatoka kama la mtoto wa darasa la kwanza.
Mama alilipulizia wino ukauke.

Hatujashinda. Nisije nikakudanganya.
Kesi imeahirishwa tena; usiku, upepo ukigeuka,
bado tunalisikia likisaga upande wa mashariki,
na kibao cha kijiji chenye majina mawili
kimeibwa, hatujui na nani.

Leo asubuhi theluji imefunika paneli.
Baba yuko juu ya paa na ufagio wa matawi,
anafagia polepole, safu kwa safu,
kama alivyozoea kuchimba.
Mama kashika ngazi.
Hawasemi kitu.
Ngazi inatikisika kidogo, naye anaikaza.